Kikombe cha Glukosi Siku ya Kufunga

Wacha niitoe aibu yangu mapema, nisije nikaanza kuipamba nikiendelea: kuna asubuhi moja hapa Machakos wanawake kumi na mmoja wa kanisa letu walikaa na njaa kwa ajili yangu, magoti yao kwenye sakafu ya simiti, na saa ileile mimi waliyekuwa wakiniombea nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kliniki nakunywa maji matamu yaliyokamuliwa limau, na wakanikuta. (Sisemi kwamba walikuja kusikia baadaye. Walinikuta. Kikombe kilikuwa mdomoni.)

Ili mnielewe ni lazima niwape orodha ya magonjwa yangu, na naomba msikimbie. Pumu ninayo tangu darasa la pili. Presha ilinipata nikiwa na miaka thelathini, mapema mno, hata daktari wa kwanza aliipima mara mbili akidhani mashine imeharibika. Magoti yananiuma. Hedhi ilikuja ilipotaka, miezi minne haijaonekana halafu inakuja kama ya watu watatu, na kwenye kidevu nilikuwa na ndevu sita (nilizijua moja moja) ambazo nilizing'oa kila Jumamosi kwa kibanio nikiwa nimefunga mlango. Mtoto sikupata. Mume nilikuwa naye kwa miaka sita, halafu akaenda kwao Kivaa kumsalimia mama yake, akasalimia sana, akaoa hukohuko.

Kwa hivyo sikuwahi kuitwa Mama fulani. Kwenye ploti niliyopanga, vyumba kumi vinatazamana na bomba la maji liko katikati, kila mwanamke alikuwa mama wa mtu, mimi nilikuwa Sista Syombua, au Fundi, kwa sababu nilishona sare za shule kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini. Hizo zilikuwa zile siku ambazo simu ya mkononi ilikuwa ya wachache, ukitaka mtu unamfuata kwake, na kwangu nilifuatwa na watu wachache sana.

Watu huchoka na mgonjwa ambaye hafi na haponi, na siwalaumu, hata mimi nilikuwa nimejichoka. Mwanzoni kwenye ushirika wa akina mama waliniombea kwa machozi. Baadaye nilipokuwa nikisimama kutoa ombi langu niliwaona wakitafuta ukurasa wa wimbo unaofuata. Halafu siku moja nikiwa nyuma ya ukuta wa bafu, ndoo mkononi, nikasikia mmoja akisema pale bombani kwamba Syombua akipona huu ataanza mwingine, na wenzake wakacheka, si kwa ubaya, walicheka tu vile watu hucheka jambo la kweli. Nilirudi chumbani na ndoo tupu, nikaoga kwa maji ya kunywa, nikaamua kwamba ugonjwa wangu hautasikika tena na mtu yeyote wa ploti ile.

Aliyebaki akibisha mlango wangu alikuwa Mama Mwende wa chumba cha nne. Mwanamke mkubwa, mwenye nguvu, sauti yake ya kwaya inatangulia yeye mwenyewe kufika, mume wake anafanya kazi Mombasa na anakuja Krismasi. Karibu kila jioni aliniletea sahani ya chochote alichopika, anaketi kwenye kitanda changu (nilikuwa na kiti kimoja, chenye nguo za wateja), anasema ya siku yake mpaka sahani iishe. Nawaambia ukweli, kuna siku sauti yake ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyosema nami tofauti na "ongeza hapa kiunoni."

Sasa mwaka huo kliniki ilinielekeza kwa daktari mmoja aliyekuwa akija Machakos kutoka Nairobi mara moja kwa wiki. Aliniuliza maswali mengi mpaka ya ndevu (nilidhani nimezificha vizuri), akaweka kalamu chini, akasema huenda hivi vyote nilivyokuwa nikitibiwa kimoja kimoja vina mzizi mmoja. Akanieleza kwamba insulini inakuja kubisha hodi mwilini ili sukari iingie, na mwili wangu huenda haufungui, basi insulini inazidi kutumwa, inajaa kwenye damu, na ikijaa inavuruga mambo mengi, hata ya uzazi. Akasema kuna kipimo. Sijui kama mnaweza kuelewa nilivyotoka pale. Watu walikuwa wamenipa majina ya kila aina, nimelogwa, nimelaaniwa, mvivu, mlafi, na mama mkwe alikuwa na la kwake ambalo silirudii. Mimi nilitaka jina moja tu lililoandikwa kwenye karatasi ya maabara, lenye muhuri.

Masharti yalikuwa haya. Nisile chochote tangu jioni, maji tu. Nifike kliniki saa mbili asubuhi na pakiti ya glukosi kutoka kwa duka la dawa. Watatoa damu ya kwanza, nitakunywa glukosi iliyokorogwa, yote, kwa dakika tano, halafu nitaketi masaa mawili bila kula na bila kutembeatembea wakinitoa damu nyingine. Damu itawekwa kwenye sanduku la barafu lipelekwe Nairobi, na sanduku hilo huondoka mara moja tu kwa wiki. Sikumwambia mtu.

Jioni hiyo Mama Mwende akaingia na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, umeiva vizuri, una mbaazi na mafuta ya kitunguu, na harufu yake mpaka leo naikumbuka kwa uchungu. Akaniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, akasema, "Kula kwanza, mwaitu, ikiwa bado moto." Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema kesho nina kipimo. Ningeweza kusema tumbo limeniuma, hata huo ungekuwa uongo wa kawaida. Lakini tumbo ni ugonjwa, na kipimo ni ugonjwa, na mimi nilikuwa nimeapa ugonjwa basi, kwa hivyo mdomo wangu ukatafuta kitu chenye heshima ukasema kwamba sitakula kwa kuwa niko kwa maombi ya kufunga mpaka kesho saa sita.

Aliweka sahani chini polepole. Akauliza naombea nini. Nikasema ni jambo la moyoni. (Na hapo sikudanganya sana.) Akanishika mikono yote miwili, na yake ilikuwa na joto la sufuria bado, akasema, "Basi hutafunga peke yako. Haiwezekani, na mimi niko hapa." Nikamwambia hapana, asijisumbue, ni jambo dogo, na kadiri nilivyosema ni dogo ndivyo alivyozidi kuona ni kubwa. Akabeba muthokoi wake akaondoka. Nikajua atakosa chai ya asubuhi kidogo, na basi. Nilienda kulala, na nikiri jambo: nililala vizuri. Kuna mtu alikuwa amekubali kukaa na njaa kwa ajili yangu, na hata kama alikuwa hajui ni kwa nini, nilijifunika hilo kama blanketi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi akabisha hodi, amefunga leso na kitambaa cha kichwa cha Jumapili, macho yanang'aa. Alikuwa amezunguka. Alikuwa amepita kwa Mama Pasta, na kwa mwenyekiti wa ushirika, na hata kwa wale wa bombani. Akaniambia, "Tuko kumi na mmoja. Tunaingia kanisani saa mbili mpaka saa sita, hakuna mtu amekunywa hata chai. Wewe unakuja saa ngapi?"

Kumi na mmoja. Wale waliokuwa wakifungua ukurasa unaofuata. Ningesema ukweli dakika ile, wangecheka kidogo, wangekunywa chai, mambo yangeisha, lakini niwaambie kilichonizuia, nacho si aibu: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona kizunguzungu. Nikasema kwamba nimesikia moyoni niombe kwanza kando peke yangu, halafu nitawafuata saa tano. Mama Mwende akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayeongea na nabii. "Enda, mwaitu. Sisi tutakushikilia."

Nikapita dukani kumwambia mwenye duka kwamba nitachelewa. Ni mzee wa Kisomali, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa uongo ulikuwa umeshazoea mdomo wangu, naye nikamwambia nimefunga. Akachukua glasi yake ya chai akaificha nyuma ya jora la kitambaa cha kaki ili nisiione. Nikatoka pale nimeinamisha kichwa, nikijua kabisa kwamba nimemkosea mtu ambaye kufunga anakujua vizuri kunishinda.

Kliniki sikuanza saa mbili. Mtu wa maabara alichelewa na funguo, akaja saa tatu kasoro akitoa pole kwa ukuta, akanitoa damu ya kwanza, akapima glukosi mpaka pakiti ikaisha, akaikoroga kwenye kikombe cha plastiki, akanikamulia limau nisitapike. Akaniketisha kwenye benchi la ukumbini na saa yake mkononi. Hiyo glukosi msiidhanie soda, ni utamu unaokwama kooni kama gundi. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe, macho nimeyafumba, wakati mlango wa mbele ulipofunguliwa kwa kishindo na ushirika wa akina mama ukaingia wote, umebebana.

Walikuwa wamembeba Mama Mwende. Nilikuja kujua baadaye kwamba alianza kutetemeka na kulowa jasho katikati ya maombi, akawa anasema maneno yasiyo na mpangilio, na wenzake wakafurahi, wakadhani ameshukiwa, wakazidisha sauti, wakamwombea hivyo karibu robo saa mpaka akaanguka. Kliniki ilikuwa hatua chache tu kutoka kanisani. Wakamlaza kwenye benchi lililotazamana na langu, na walipoinua vichwa kutafuta msaada, wakaniona.

Sijui mliwahi kutazamwa na wanawake kumi wenye njaa. Mama Pasta alitazama kikombe, akanitazama mimi, akarudi kwenye kikombe. Akauliza kwa sauti ya chini sana, "Sista Syombua, nini hiyo unakunywa?" Nikasema ni dawa. Na yule mtu wa maabara, aliyekuwa amesimama mlangoni mwake na saa yake, ambaye hata hakuulizwa, akasema si dawa, ni glukosi ya kipimo, na tafadhali nimalize, dakika zinaenda.

Daktari wa zamu alitoka mbio, akamshika Mama Mwende mkono, akauliza kama ana sukari. Wakasema la, huyu ni mzima kabisa, huyu ndiye anayewabeba wengine. Akamdunga kidole, akatazama mashine ndogo, akasema sukari imeshuka vibaya, huyu amemeza dawa ya sukari na hajatia chakula tumboni, nani hapa ana kitu kitamu. Siku nyingine yoyote kwenye mifuko ya wanawake wale ungepata ndizi, mandazi, peremende za watoto. Siku hiyo haikuwa na kitu, kwa sababu yangu. Muuguzi alikuwa ameenda kutafuta dripu, na stoo ilikuwa imefungwa. Mama Mwende alikuwa bado anaweza kumeza, macho yalikuwa wazi nusu. Basi wote wakatazama kikombe changu.

Sasa nawaambia lile ambalo sijawahi kumwambia mtu, maana kikombe si aibu yangu kubwa. Aibu yangu ni kwamba nilisita. Nilikishika. Nilifikiria sanduku la barafu, nikafikiria muhuri, nikafikiria kwamba nusu kikombe imebaki na dakika mbili zimebaki, na labda mtu mwingine atapata sukari mahali. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi tatu. Lakini Mama Mwende alikuwa ananitazama, na daktari ndiye aliyenyoosha mkono akakitoa vidoleni mwangu. Sikukitoa mimi.

Walimnywesha kidogo kidogo. Baada ya dakika chache jasho likakauka, akaketi, akapangusa mdomo, akaona alipo na waliomzunguka. Na daktari, ambaye hakujua ameingia kwenye nini, akamuuliza hapohapo mbele ya wote ana sukari tangu lini.

"Huu ni mwaka wa nne," akasema.

Mama Pasta akaumia, niliona. Akauliza, "Na hukutuambia?"

Mama Mwende alikuwa anatazama sakafu. Akasema, "Niliona vile mlichoka na Syombua."

Asubuhi hiyo alikuwa amemeza kidonge chake kama kawaida, kisha akaja kukaa na njaa, kwa sababu hangeweza kueleza kwa nini yeye hawezi kufunga bila kufungua siri yake, na hakutaka mimi niombe peke yangu. Nami nilikuwa na siri karibu sawa na yake, ukuta mmoja kando, jioni baada ya jioni, na sahani katikati yetu.

Halafu mtu wa maabara (Mungu ambariki, hajui hata leo) akatoka na daftari lake, akasema kwa sauti ya kusikika vizuri kwamba kipimo changu kimeharibika, nije wiki ijayo, na nisisahau kufunga tena tangu jioni vile alivyoniagiza. Basi hata yule ambaye alikuwa bado anajaribu kunielewa, akaelewa. Mama Pasta akavuta pumzi, akasema, "Akina mama, nafikiri sasa tunaweza kula."

Wakamwinua Mama Mwende kwa uangalifu, wakavuka barabara naye mpaka hoteli iliyo ng'ambo. Kutoka pale benchini nilikuwa nawaona dirishani, wamesogeza meza mbili, chai inamiminwa, chapati zinapita mkono kwa mkono, mmoja anampulizia Mama Mwende kikombe chake. Hakuna aliyeniambia nisije. Nilingoja kidogo nione kama kuna atakayegeuka aninyooshee mkono, na nilikuwa sijala tangu jana. Halafu nikaondoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda dukani, nikashona marinda kumi na mawili bila kuinua kichwa.

Hawakunifukuza kanisani, msifikirie hivyo. Walizidisha adabu. Walinisalimia kwa mkono wa kulia wakanipisha kwenye benchi nikae kwa nafasi, nafasi kubwa. Mama Mwende jioni hakuja, na ya pili hakuja. Sasa yeye ndiye alikuwa anaulizwa na kila mtu pale bombani amekula nini, mguu unaendeleaje, akiambiwa shangazi ya fulani alikatwa kidole kwa sukari hiyohiyo, na niliona jinsi alivyoanza kwenda kuteka maji mapema kabla wengine hawajaamka. Mimi ndiye niliyempeleka hapo.

Nilirudia kipimo peke yangu, nikamaliza kikombe, nikaketi masaa yangu mawili, na majibu yalipokuja yule daktari wa Nairobi aliyaweka mbele yangu na kalamu. Insulini ilikuwa juu sana. Akanionyesha mstari. Akasema si uvivu, si laana, kina jina, na akaliandika, na lilikuwa na muhuri. Nililia pale ofisini mpaka akanipa karatasi ya kupangusa mikono. Nikatoka na ile bahasha kifuani nikipita sokoni kama mtu aliyefaulu mtihani, nikafika kwenye ploti, na ndipo nikagundua kwamba sina wa kumwambia.

Mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye uteo. Nikasimama nje, sikuthubutu kuingia, nikamwambia nimepata majibu, nikamwambia pia anisamehe, kwa ule uongo na kwa kile kikombe. Alichagua mawe mawili zaidi kabla ya kusema.

"Uongo nimesamehe. Hata mimi nilidanganya. Lakini jioni ile, mwaitu, si ungeniambia tu? Na mimi ningekuambia. Tungeenda pamoja."

Nikangoja aniambie niketi. Akaendelea na maharagwe.

Mwisho wa mwaka huo alihamia Kathiani kwa kina mume wake, hewa ni nzuri na hakuna mtu wa bombani. Nilisikia kutoka kwa watu. Chumba cha nne kikachukuliwa na kijana wa benki anayefua shati moja kila jioni.

Kwa hivyo niliapa, na kiapo hiki sijakivunja: nikiulizwa habari yangu, naisema. Pumu, presha, magoti, insulini, mpaka ndevu, naanza kichwani nashuka. Wengi huchoka kabla sijafika kiunoni, wanakumbuka wameacha kitu jikoni. Lakini mara mojamoja yupo mwanamke anayebaki wenzake wakishaenda, anazungukazunguka pale cherehani bila kazi, na huyo mimi humuuliza kwanza, taratibu, yeye ana nini. Wameshanijibu watatu mpaka leo. Nimewahi kwenda na mmoja wao kliniki nikaketi naye mpaka akaitwa. Niliporudi nyumbani nilipika muthokoi, ukawa mwingi, nikaula siku tatu.